Habari za Wale Wasiorudi Vitani



Leo twataka kunena juu ya jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi za nchi yetu, ingawa halitajwi sana. Ni habari ya watu waliotoka kwao kwenda vitani wasirudi. Katika boma moja utaambiwa, "Ndugu yake babu alikwenda Kariakoo." Katika boma jingine utaambiwa, "Baba alikwenda Burma." Ukiuliza, "Kisha ikawaje?" utajibiwa neno moja tu, "Hakurudi." Hapo mazungumzo hukoma. Hakuna ajuaye alikufa lini, aliuawa na nini, wala amelala wapi.

Tunalotaka kulisema ni hili: jamaa za mtu aliyekufa vitani wana haki ya kujua alivyokufa na mahali alipolala; na hata baada ya miaka mingi, mara nyingi yawezekana kuwasaidia wajue, ikiwa watu watatafuta kwa bidii na kusema kweli. Ili tulifahamu jambo hili, yatupasa kwanza kurudi nyuma tuone jinsi habari hizo zilivyopotea.

Kifo kisicho na habari si sawa na kifo kingine. Mtu akifia nyumbani, watu humwona, humlilia, humzika, na baada ya siku zake matanga huanuliwa. Lakini mtu akipotea mbali, matanga hayaanuliwi kamwe. Mjane hajui kama ni mjane. Watoto hawajui kama ni yatima. Shamba lake hugawanywa kwa hofu, au haligawanywi kabisa, maana huenda akarudi. Wazee wetu walilijua tatizo hili. Kwa Wajaluo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa tunda la yago, yaani mwegea. Tunda lile huwekwa kaburini mahali pa mwili, watu wakalia, ili waliobaki wapate kuendelea. Tusiidharau desturi hiyo. Inatufundisha kwamba walio hai wanahitaji mahali pa kusimama na kusema, "Hapa ndipo alipolala."

Katika Maandiko tunasoma habari za Rispa binti Aya. Wanawe waliuawa kwa sababu ya mambo ya vita na utawala ambayo wao hawakuyaanzisha, na miili yao ikaachwa nje. Yule mama alitandika gunia mwambani, akakaa tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na jeshi wala mali, ila hakukubali wanawe wasahauliwe. Mfalme Daudi alipoambiwa, aliondoka akaenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani kwa watu wa Yabesh-gileadi, akaikusanya na mifupa ya wale wengine, wakazikwa katika kaburi la jamaa yao. Angalieni, basi. Mkuu wa nchi alitenda lililo haki kwa sababu mama mmoja alikataa kunyamaza.

Sasa na tuje katika historia yetu wenyewe. Vita Kuu ya kwanza ilifika kwetu mwezi wa Agosti 1914. Upande huu walikuwa Waingereza, na ng'ambo ya Kilimanjaro, katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara, walikuwa Wajerumani. Huku kwetu hapakuwa na barabara nzuri wala magari ya kutosha, na farasi na punda walikufa upesi kwa ajili ya mbung'o. Kwa hiyo vita vyote vilibebwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Risasi, unga, maji, mizinga, hata majeruhi, vyote vilichukuliwa na wapagazi. Tangu mwezi ule wa Agosti serikali iliunda kikosi cha wapagazi chini ya ofisa aitwaye Oscar Watkins. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao wakasema Kariakoo. Ndiyo maana Nairobi ina Kariokor, na Dar es Salaam ina Kariakoo. Leo tunakwenda huko kununua vyondo na mboga, wala hatukumbuki kwamba tunatamka jina la jeshi la watu wasio na bunduki.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari, kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, aliwekwa kusimamia uandikishaji mkubwa kuliko wote, na machifu wakaamriwa kutoa watu. Vijana walishikwa mashambani na njiani. Walitoka Nyanza, Ukambani, Murang'a, Nyeri, Meru, Taita na pwani. Kwa reli walikwenda Voi, na kutoka huko Taveta. Wengine walipakiwa merikebuni Mombasa wakashushwa Kilwa au Lindi. Walifuata majeshi mpaka Morogoro, mpaka mto Rufiji wakati wa mvua kubwa za mwanzo wa 1917, na baadaye mpaka Msumbiji. Von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Maseno au Machakos aweza kuwa amelala popote katika njia hiyo ndefu.

Wengi wao waliuawa na nini? Hapa ndipo jamaa wengi hushangaa. Hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na kichomi, na malaria, na uchovu. Watu waliozoea viazi, ndizi, wimbi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusu nusu usiku wakiwa wamechoka na kuni zimelowa, na matumbo yao yakaharibika. Watu wa nyanda za juu walishushwa katika mabonde ya joto na mbu. Kisha wakalala mvuani kwa blanketi moja. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza. Geoffrey Hodges, mwanahistoria aliyechunguza habari za Kariakoo kwa miaka mingi, aliona kwamba hesabu ya kweli inakaribia 100,000.

Tusiache kutaja kwamba palikuwa na mahali ambapo mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, akatembea nao bara kwa miguu. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu aliwakusanya wanaume wa misheni mbalimbali, zaidi ya 1,500, wakaenda kwa kikosi chao wenyewe chini ya watu waliowajua. Katika kikosi hicho waliokufa walikuwa wachache sana kuliko katika vikosi vingine. Chakula chao kilipikwa vema na wagonjwa wao waliangaliwa mapema. Hatusemi haya ili kuyasifu makanisa, kwa maana makanisa hayo hayo yaliwaona maelfu wengine wakichukuliwa. Twasema ili ionekane kwamba vifo vile havikuwa amri ya mbingu. Mahali mtu alipojulikana kwa jina, alitunzwa. Na mahali alipokuwa namba tu, alikufa kama namba.

Na kweli walikuwa namba. Kila mpagazi aliandikwa daftarini akapewa bamba dogo la chuma lenye namba yake. Lakini karani aliyeandika mara nyingi hakujua lugha ya yule mtu. Alisikia jina moja akaandika jingine. Mtu alipougua njiani akaachwa, au bamba lake likapotea, hakuna aliyeweza kusema ni nani. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki bila kuchukuliwa, kwa sababu jamaa hawakupatikana au hawakuambiwa. Watkins na maofisa wengine walitaka fedha hizo zitumiwe kwa faida ya Waafrika, haikuwa hivyo. Basi jamaa walikosa mtu, wakakosa habari, wakakosa na mshahara.

Je, makaburi? Mwaka 1917, vita vikiendelea, Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo leo yaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe la kaburi au juu ya mnara, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Katika Ulaya walifanya hivyo kwa uangalifu mwingi. Lakini katika Afrika Mashariki viongozi wa serikali na wa Tume waliona kwamba Mwafrika hana desturi ya mawe ya kaburi, na kwamba hatafahamu maana yake. Makaburi ya Wazungu yakatunzwa; makaburi ya Waafrika wengi yakaachwa yarudi kuwa msitu. Mahali pa majina iliwekwa minara ya sanamu za shaba katika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, miaka ya 1920. Ule wa Nairobi uko Kenyatta Avenue, na kila mtu wa mjini ameupita. Umeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili maneno yaliyotungwa na mshairi Rudyard Kipling, yakiahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao. Uzungukeni mnara ule mtazame vizuri. Hakuna jina hata moja la mpagazi.

Jambo hili lilinyamaziwa kwa muda wa miaka mia. Hatimaye, mwezi wa Aprili 2021, Tume yenyewe ilitoa taarifa baada ya kamati maalum kuchunguza madaftari ya zamani. Kamati ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao; na kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Tena Tume iliahidi kuyatafuta majina. Mwezi wa Januari 2025 mnara ulifunguliwa Cape Town, Afrika Kusini, wenye majina ya watu weusi zaidi ya 1,700 waliotumika katika vikosi vya kazi wakafa bila kuwa na kaburi linalojulikana. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba majina yaliyopotea hayawezi kupatikana. Mengine yamepatikana.

Katika Vita Kuu ya pili mambo yalikuwa afadhali. Wanaume wetu waliingia K.A.R., wakaingia mizinga, uganga, uhandisi na vikosi vya kazi. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita Bonde la Kabaw katika Burma, penye matope na malaria. Safari hii waliokufa waliandikwa kwa majina. Ukienda katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya Ngong Road, utaona makaburi yapatayo 2,000 yamepangwa safi, na humo umo mnara wa wale wasio na kaburi. Huko Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, mahali paitwapo Taukkyan, pana mnara wenye majina karibu 27,000, na majina ya watu wa Afrika Mashariki yamo.

Hata hivyo jina juu ya ukuta bado si habari. Tuchukue mfano mmoja. Katika mnara wa Nairobi yamo majina zaidi ya 600 ya watu wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, wote wakiwa na tarehe moja: 12 Februari 1944. Jamaa aweza kusimama pale, akaliona jina la baba yake, asijue lolote zaidi. Lakini tarehe ile na kikosi kile vyasema mengi. Siku hiyo meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Katika watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa, na pamoja nao wauguzi wa kike. Kisha likatokea jambo zito. Nyambizi ilijificha chini ya maji, na manowari za Waingereza zilipoitafuta zilitupa mabomu baharini mahali pale pale walipokuwa wakielea wengine waliookoka. Habari hii ni chungu. Lakini mwana aliyengoja miaka 80 sasa aweza kujua kwamba baba yake hakumtoroka mama yake, wala hakuoa nchi za mbali akawasahau, kama watu wengine walivyonong'ona. Alikuwa njiani, akafa baharini siku moja na wenzake.

Basi tufanyeje kuwasaidia jamaa kama hao? Twataka kutoa mashauri machache yawezayo kufanywa na mzee wa kanisa, au mwalimu, au kijana yeyote mwenye subira.

Kwanza, anzeni nyumbani. Kaeni na mkongwe kuliko wote katika ukoo, mkaandike asemayo kabla hajalala. Ulizeni jina la mtu na la baba yake, rika lake la tohara, kijiji chake na jina la chifu wa wakati ule. Ulizeni aliondoka na nani, maana mwenzake aliyerudi huenda aliacha neno. Tazameni ndani ya masanduku: barua, picha, medali, karatasi ya posho ya jeshi. Medali nyingine zina jina na namba zimechongwa ukingoni, na watoto wamezichezea miaka mingi bila mtu kusoma.

Pili, tazameni daftari za kanisa. Daftari la ubatizo laweza kuonyesha jina la ubatizo, jina la baba na mwaka. Daftari la ndoa laweza kuonyesha mjane aliolewa tena lini, na hapo twajua kwamba habari ya kifo ilikuwa imefika.

Tatu, tafuteni katika orodha ya Tume ya Makaburi, ambayo siku hizi iko katika intaneti na haina malipo. Humo mtaona jina, namba, kikosi, tarehe, na mahali pa kaburi au mnara. Mara nyingine na jina la baba au mke na wilaya yake. Jaribuni kuliandika jina kwa njia nyingi. R na L hubadilishana. Herufi ya kwanza hudondoka. Jina la baba huandikwa kama ndilo la mwana. Wengine waliandikwa kwa jina moja tu.

Nne, mkisha kupata kikosi na tarehe, ulizeni kikosi kile kilikuwa wapi siku ile. Vikosi viliandika habari zao siku kwa siku, na nyingi za kumbukumbu hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London. Na hapa kwetu Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi, zina taarifa za wilaya za miaka ya ukoloni. Kama tarehe ni ya siku ya mapigano, yaelekea aliuawa hapo. Kama tarehe si ya mapigano, na kaburi liko karibu na hospitali, yaelekea ulikuwa ugonjwa.

Tano, msiseme zaidi ya mlichokiona. Jambo hili ni kubwa kuliko yote, kwa sababu majina yetu hufanana. Kila Otieno alizaliwa usiku, na kila Wafula alizaliwa wakati wa mvua. Kamau na Mutua ni maelfu. Kuona jina lile lile si kumwona mtu yule yule. Mpaka vitu viwili au vitatu vikubaliane, kama jina la baba na wilaya na mwaka, waambieni jamaa, "Huyu huenda ndiye." Msiwape mfu wa watu wengine wamlilie kwa sababu ya haraka yenu.

Hapa wengine hutuuliza swali: je, jamaa wakitazamia kusikia kwamba babu yao alikufa kishujaa mbele ya adui, na karatasi inasema alikufa kwa kuhara damu katika hospitali ya Dodoma, tuwaambie? Twajibu, ndiyo, tuwaambie kwa upole, ila tuwaambie. Aibu ya kifo kile si yake. Alibeba mzigo wa watu wengine katika vita vya watu wengine, akalishwa chakula kibaya, akafa mbali na mama yake. Aibu ni ya walioweza kumtunza wasimtunze. Tukimpamba kwa hadithi ya bunduki ambayo hakuwa nayo, tunamficha mara ya pili. Kweli ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Tena, wapendwa, tusidhani kwamba haya ni mambo ya wazee tu. Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa na al-Shabaab, na askari wengi wakauawa. Kwa muda mrefu wananchi hawakuambiwa hadharani hesabu ya waliokufa, na jamaa wengine walikaa wakingoja vipimo vya maabara ili miili itambuliwe. Wako akina mama waliokuwa wakikaa kando ya simu kama vile nyanya zao walivyokaa kando ya njia wakitazama kama tarishi wa D.C. anakuja. Serikali ina mambo yake ya siri ya vita, nasi twalifahamu hilo. Lakini jina la mfu si siri kwa mama yake. Mwenye kumchukua mtoto wa mtu kwenda vitani ana deni la kurudi na habari, akirudi mtoto au asirudi.

Kwa hiyo twawaomba makusanyiko yetu kufanya jambo moja mwaka huu. Kabla ya Jumapili ya Kumbukumbu katika mwezi wa Novemba, kila parishi na iteue watu wawili watatu, kijana ajuaye kutumia intaneti na mama ajuaye koo za mtaa, wapite nyumba kwa nyumba na daftari. Waandike kila aliyekwenda vitani asirudi: wa Kariakoo, wa Burma, wa Somalia. Wasibague dhehebu wala dini, kwa kuwa katika safu ile ya wapagazi Mkristo, Mwislamu na aliyefuata mila za baba zake walibeba mzigo mmoja. Siku ile majina yasomwe taratibu, kila jina na kijiji chake. Kama habari za kifo zimepatikana, zisomwe pia, kwa ufupi. Na daftari lile liwekwe pamoja na daftari za ubatizo, lisipotee pasta anapohamishwa.

Nyumba nyingine zitatafuta zisipate kitu. Hizo tusiziache. Tuketi nao, tuombe pamoja nao, na kama ni desturi yao kupanda mti au kuweka jiwe bomani kwa ajili ya mtu wao, tusimame hapo pamoja nao. Lakini twaamini kwamba nyumba nyingine zitapata mstari mmoja: jina, tarehe, mahali. Mkiupata mstari huo, msiutume kwa simu tu. Mpelekeeni mwenye mji kwa miguu yenu, mketi, mkamsomee, mpaka atakapouliza yote anayotaka kuuliza.

Mungu awafariji wote wanaongoja habari, na kuwapa nguvu wote wanaotafuta.